Kompyuta: Tuchague kwa Kazi, Si kwa Jina

Tarehe 14 Oktoba, 2025, kampuni ya Microsoft ya Marekani ilikomesha huduma ya kawaida kwa mfumo wake wa Windows 10. Mashine zenye mfumo huo hazikuzimika siku ile, na ndiyo maana wengi hawakushituka. Lakini mashine isiyopata tena marekebisho ya usalama ni kama nyumba ya Mji Mkongwe yenye mlango wa nakshi usio na komeo. Afisi za umma huweka ndani ya mashine zao mishahara, hati za ardhi, kumbukumbu za wagonjwa na matokeo ya mitihani. Kwa hiyo swali la kompyuta gani inunuliwe si la mafundi peke yao. Ni swali la fedha na amana za wananchi.

Afisi yenye mashine za namna hiyo ina njia nne. Ya kwanza ni kulipia muda wa nyongeza. Bei ya kawaida iliyotangazwa kwa taasisi ni dola 61 kwa kila mashine kwa mwaka wa kwanza, na huongezeka maradufu kila mwaka hadi Oktoba, 2028. Jumla yake ni dola 427, fedha zinazokaribia bei ya mashine mpya ya kadiri, na mwisho wake mashine ni ile ile kuukuu. Ya pili ni kununua mashine zenye Windows 11, mfumo unaodai kifaa cha usalama kiitwacho TPM 2.0, ambacho kompyuta nyingi za zamani hazina. Ya tatu ni kompyuta za Apple, ambazo ni madhubuti lakini bei yake ni kubwa, na sehemu zake nyingi zimeunganishwa pamoja hata fundi wa mtaani hana cha kubadilisha. Ya nne ni kutia mfumo wa Linux, usiolipiwa leseni, katika mashine zilizopo.

Kila njia ina mashabiki wake. Sisi hatuna ugomvi na jina lolote. Tunachokipinga ni desturi ya kutaja jina la mashine kabla ya kutaja kazi yake.

Taifa letu limekwisha kulipa ada ya somo hili. Wizara ya Fedha ya Muungano ilizihamishia hesabu zake kwenye kompyuta bila ya kuwa na wataalamu wa kutosha, hesabu zikavurugika, na mwaka 1974 Serikali ikapiga marufuku kuingizwa kwa kompyuta nchini. Marufuku hayo yalilegezwa baadaye, lakini sababu yake isisahauliwe: mashine ilitangulia, watu wakafuata.

Wala asidhani mtu kwamba kitu kisicholipiwa hakina gharama. Mji wa München, Ujerumani, uliamua mwaka 2003 kuhamia Linux, ukahamisha kompyuta zipatazo 15,000, kisha mwaka 2017 baraza lake likaamua kurudi Windows. Miongoni mwa malalamiko yaliyosikika ni kwamba nyaraka zilizopelekwa na kuletwa baina ya mji huo na wengine hazikufunguka sawasawa. Afisi ya Unguja inayopelekeana nyaraka na Dodoma, mabenki na wahisani haina budi kulipima jambo hilo.

Visiwa vyetu navyo vina masharti yake. Mwaka 2008 tulikaa takriban mwezi mmoja bila ya umeme wa gridi, na kutoka Desemba, 2009, hadi Machi, 2010, tukakaa miezi mitatu. Waya mpya wa chini ya bahari uliozinduliwa mwaka 2013 umeleta nafuu kubwa, lakini umeme kukatika haujawa historia. Kompyuta ya mezani huzimika pamoja na taa, na kazi isiyohifadhiwa hupotea. Kompyuta mpakato ina betri yake na hutumia umeme mdogo zaidi. Tena hewa yetu ya chumvi na unyevunyevu hula vyuma na kuziba feni, na bei ya zabuni haiyaonyeshi hayo.

Kwa maoni yetu, busara ni kugawa kwa kazi. Afisi ambazo programu zake za hesabu zinafanya kazi kwenye Windows tu zinunue mashine za Windows 11, za aina moja, ili vipuri vya moja viifae nyingine. Skuli, maktaba na afisi za masheha, ambako kazi ni kuandika, kusoma na kutafuta habari, zijaribu Linux katika mashine zilizopo, kwanza katika vituo vichache na mafundi wakiwa wamekwisha kufunzwa. Mashine za bei kubwa zipewe wenye kazi inayozihitaji, kama wahariri wa picha na filamu, wala zisiwe alama ya cheo. Na kila afisi ihifadhi nyaraka zake kwa namna inayoweza kufunguliwa na mfumo wowote, ili siku ya kuhama isiwe siku ya msiba.

Lakini kabla ya hayo yote kuna kazi isiyohitaji zabuni wala fedha za kigeni, nayo ni kuhesabu. Kila mkuu wa taasisi ajue ana mashine ngapi, za umri gani, zina mfumo gani na zinafanya nini. Wahenga walisema mali bila daftari huisha bila habari. Asiyeweza kujibu maswali hayo manne hajawa tayari kuchagua, na muuzaji atamchagulia. Daftari hilo lianze sasa, kabla ya bajeti ijayo.