Pistole ya bei ya chini hailindi nyumba

Asubuhi kwenye robine, kabla bidoni ya kwanza kujaa, mazungumzo ya Goma yanaanza siku hizi na swali moja: usiku walipiga wapi? Mmoja anasema Ndosho, mwingine Katoyi, wa tatu Mugunga. Wanataja mlango uliovunjwa, simu na pesa zilizochukuliwa, na mara nyingine jina la aliyekufa. Wamama wakishaondoka na maji yao, wanaume wachache wanabaki wakisema kwa sauti ya chini. Kuna mtu anayejua mtu. Kuna pistole inauzwa, na bei yake si kali.

Baba anayesikiliza maneno hayo si mjambazi. Ni mtu aliyechoka kulala macho wazi. Benki za mji zilifungwa Januari 2025, kwa hiyo pesa kidogo ya jamaa inalala ndani ya nyumba, na wezi wanajua. Aliyekuwa Bulengo au Lushagala hadi wakimbizi walipoambiwa mwezi wa pili waondoke kambini, na leo anaishi katika chumba cha mbao alichopewa na wenyeji, hana hata kufuli ya maana. Mtu wa namna hiyo akiambiwa kwamba usalama unauzwa, ni vigumu kumlaumu kwa kuuliza bei. Lakini anastahili kuambiwa ukweli: kile anachouziwa si usalama.

Kwanza atazame hiyo bei yenyewe. Silaha iliyotengenezwa kwa ufundi katika viwanda vya Ubelgiji, Urusi au China haikutoka huko ikiwa ya bei ya chini. Imekuwa hivyo kwa sababu anayeiuza hakuinunua. Julai 1994, jeshi la Rwanda lililoshindwa vita liliingia Goma na silaha zake. Nyingi zilirundikwa mpakani, na nyingine zikapita. Tarehe 20 Novemba 2012 M23 iliingia mjini mara ya kwanza, askari wa serikali wakarudi nyuma upande wa Sake, na wafungwa wa gereza la Munzenze wakatoroka. Mwisho wa Januari 2025 mambo yalijirudia kwa ukubwa zaidi. Askari na Wazalendo walivua sare barabarani. Wengine walikabidhi silaha zao kwa MONUSCO, wengine waliziacha njiani na ndani ya maparsele ya watu. Munzenze ikafunguka tena, wafungwa wakatoka kwa maelfu. Kila mara jeshi linapokimbia, silaha zinabaki, na wakaaji ndio wanaolala nazo.

Kuna sababu ya pili ya bei kuwa chini, nayo muuzaji haisemi. Anaondoa mzigo nyumbani kwake. Hakuna ajuaye pistole hiyo ilifanya nini kabla. Ikiwa iliua mtu Majengo au Himbi, habari hiyo inahama pamoja nayo hadi kwa mnunuzi.

Basi tuseme ameinunua. Je, itafanya kazi? Pistole inayotunzwa ni mashine ya kuaminika. Browning ya Ubelgiji ilianza kutengenezwa mwaka 1935, na majeshi mengi yameitumia miaka na miaka. Shida haiko kwenye jina lililoandikwa juu ya chuma. Shida ni miezi ambayo chuma hicho kimekaa chini ya udongo, ndani ya mfuko wa plastiki, katika mji ambako mvua haikauki. Springi inayosukuma risasi inashika kutu, na risasi inakwama katikati ya njia. Baruti ikipata unyevu, risasi inaweza kukataa kulipuka. Mbaya zaidi, inaweza kulipuka nusu na kubaki ndani ya mtutu, na ile inayofuata ikapasua pistole mkononi mwa mpigaji.

Halafu kuna risasi zenyewe. Ile ya Makarov na ile ya Browning zote zinaitwa milimita 9, lakini ganda la moja lina urefu wa milimita 18 na la nyingine 19, na hazibadilishani. Tokarev inataka nyingine kabisa. Muuzaji wa gizani anatia kiganjani mwa mteja zile alizookota. Na mteja hawezi kujaribu, kwa sababu risasi moja ikilia Kyeshero mchana, kata nzima inajua. Hakuna baba anayenunua redio bila kuiwasha kwanza. Pistole ataichukua hivyo hivyo, akitegemea ifanye kazi usiku mmoja tu, gizani, mikono ikitetemeka.

Na ikifanya kazi? Wezi wa Goma hawaji mmoja mmoja na panga. Wanakuja kundi zima, wengine na Kalashnikov. Mtu mwenye pistole akipiga mara moja, anakuwa amewaambia mahali alipo. Nyumba nyingi za mji huu ni za mbao, na risasi ya pistole inapita ubao bila shida. Inayotoka chumbani kwa baba inaingia chumbani kwa watoto wa jirani.

Watoto wa nyumbani nao wapo. Tokarev ya asili haina kile kifungo cha usalama kinachozuia kupiga. Na kuna kosa linaloua hata watu wazima: mtu anatoa kisanduku cha risasi, anaamini pistole iko tupu, kumbe risasi moja imebaki tayari ndani ya mtutu. Askari anafundishwa hilo siku za kwanza. Mtoto wa miaka tisa aliyeipata chini ya godoro, hakuna aliyemfundisha.

Hatari nyingine inatoka nje. Nyumba yenye silaha haikai siri, maana muuzaji anajua, na aliyewakutanisha anajua. Kwa mwizi, hiyo ni nyumba yenye kitu cha kuchukua. Sheria ya Kongo juu ya silaha, ya tarehe 3 Septemba 1985, hairuhusu raia kuwa na silaha bila ruhusa. Tangu mji uwe mikononi mwa AFC/M23, anayekutwa nayo wakati wa msako ana swali zito zaidi la kujibu: wewe ni wa upande gani? Kijana akikamatwa kwa sababu ya pistole ambayo baba yake alinunua kumlinda, nani atasadiki maelezo ya baba?

Wengine watasema: basi tufanye nini, tungoje tuuawe? Swali hilo ni la haki. Jibu la wakaaji wenyewe linajulikana, Goma na Bukavu pia: filimbi, masufuria, na avenyu nzima kuamka kwa pamoja. Wezi wanaogopa mashahidi mia kuliko pistole moja. Njia hiyo haitoshi kila usiku, na ina ubaya wake. Watu waliokusanyika kwa hasira wameshaua mjini humu walioitwa wezi bila mtu kuuliza lolote, na mkimbizi ambaye sura yake haijulikani kwenye avenyu ndiye wa kwanza kushukiwa. Kwa hiyo jamaa zilizohama zijulishwe kwa chefu wa avenyu na kwa majirani mapema, mchana, kwa majina. Filimbi iite watu waje, isiwe hukumu.

Linabaki jambo gumu kuliko yote: yule ambaye tayari anayo. Wako walioikuta uani mwao Januari, wakaificha kwa woga, na leo wanaogopa kuitoa kuliko kukaa nayo. Akiipeleka kwa viongozi, anaweza kuitwa Mzalendo. Akiitupa, mwingine ataiokota. Hapo ndipo kununua na kuuza kunapopata nguvu, kwa sababu soko ndilo mlango pekee ulio wazi. Wanaotawala mji wakitaka silaha zipungue, msako peke yake hautatosha. Wafungue mlango mwingine: siku inayojulikana, mahali panapojulikana, viongozi wa makanisa na misikiti wakiwa mashahidi, na ahadi ya wazi kwamba anayeleta haulizwi alikoipata wala hafuatwi kesho yake.

Si ndoto. Katika miaka ya 2000 huko Katanga, shirika la PAREC la mchungaji Daniel Ngoy Mulunda lilipokea bunduki na kutoa baiskeli. Msumbiji, kuanzia 1995, Baraza la Makanisa likiongozwa na Askofu Dinis Sengulane lilibadilisha silaha kwa baiskeli, cherehani na vifaa vya kazi. Wapo wanaokosoa mipango ya namna hiyo, na wana sababu: ukilipa pesa, mtu analeta mbovu na kununua nzima. Ndiyo maana Goma ingefaa malipo yasiende kwa mtu mmoja. Yaende kwa avenyu: taa za barabarani, robine, mabati ya shule. Avenyu yote ikipata faida, avenyu yote itataka silaha zitoke.

Hadi siku hiyo, anayekuta silaha au risasi asiiguse na asimtume mtoto kuigusa. Awaweke watu mbali, amjulishe chefu wa avenyu mbele ya shahidi. Na yule anayeitwa pembeni asubuhi, wamama wakishaondoka na bidoni zao, akikumbuka watoto wanaolala upande wa pili wa ubao, pesa yake itamfaa zaidi akinunua kufuli na filimbi.