Mtoto akikwama kwenye pembe butu, mtoe nje mtazame paa

Wiki hii, mzazi, tunaweka kando lishe na chanjo. Tuzungumzie kitu kinachowaliza watoto jioni wakati wa kazi za nyumbani: pembetatu yenye pembe butu. Wengi wetu tukifika hapo tunamrudishia mtoto daftari na kumwambia, "Kamuulize mwalimu wako." Wengine huongeza kuwa mtoto huyu hana kichwa cha hesabu. Mtoto husikia, huamini, na akishaamini hajaribu tena.

Anza na neno lenyewe. Panga likinolewa huwa kali, likichakaa huwa butu. Pembe ni hivyo hivyo. Iliyo chini ya nyuzi 90 imechongoka, hiyo ni pembe kali. Ya nyuzi 90 kamili ni pembe mraba, kama kona ya daftari. Iliyozidi 90 lakini haijafika 180 imepanuka, ndiyo pembe butu.

Kisha mtoe nje. Iwe Namswea au kwingineko Mbinga, mfano uko juu ya nyumba. Simameni upande ambao pande mbili za paa zinakutana juu na kuchora pembetatu. Paa la nyasi huinuliwa sana ili mvua iteremke haraka, hivyo pembe ya juu mara nyingi ni kali. Bati linapitisha maji kwa urahisi, fundi hulilaza zaidi, na pembe ya juu inakuwa butu. Tuseme kila upande umeinuka nyuzi 25. Pembe tatu za pembetatu jumla yake ni nyuzi 180 daima. Ukitoa 50, ya juu inabaki 130.

Sasa muulize: je, pembetatu inaweza kuwa na pembe butu mbili? Mpe muda. Hata 91 na 91 ni 182, tayari zimepita 180. Haiwezekani.

Kama hana kipimapembe, achukue kona ya karatasi na kuiweka ndani ya pembe. Nafasi ikibaki, pembe ni butu. Ageuze daftari apime tena, aone kuwa mchoro ukigeuzwa pembe haibadiliki.

Wengi hupotea kwenye eneo. Chukua pembetatu yenye kitako cha sentimita 6, na upande wa sentimita 5 unaoinamia nje kutoka mwisho wa kitako. Mtoto huzidisha 6 kwa 5, anagawa kwa 2, anapata 15. Amekosea, kwa sababu upande ulioinama si kimo. Arefushe kitako kwa mstari wa nukta, kisha ashushe mstari wima kutoka ncha ya juu hadi kwenye nukta hizo. Kimo kiko nje ya pembetatu, nacho ni sentimita 4. Nusu ya 6 mara 4 ni 12.

Jambo moja la afya. Kama mtoto anaweza maswali ya kitabuni lakini hukosea akinakili michoro ubaoni, au anakodoa macho kutazama mbali, mpeleke apimwe macho kabla ya kumlaumu.

Leo akimaliza, muombe akueleze wewe kwa nini kimo kilitoka nje. Akiweza kueleza, ameelewa. Akikwama, rudini kwenye mchoro pamoja, bila kugombezana.