Vidonge vya Damu na Hofu ya Kuvu Nyeusi



Wiki hii tumepokea swali la mama mmoja, mzaliwa wa pwani aliyeolewa Ruiru. Binti yake ana mimba ya miezi mitano. Alipopimwa kliniki mjini Thika aliambiwa damu yake ni chache, akapewa vidonge vya chuma na foliki. Nyumbani shangazi yake akamkataza asivimeze: alisikia zama za Korona kwamba chuma ndicho chakula cha kuvu nyeusi, na binti huyo aliwahi kuugua Korona. Vidonge sasa vimo kabatini, naye mama yu baina ya wifi yake na daktari.

Hofu ya shangazi ina asili yake. Twaikumbuka Ramadhani ya mwaka 2021, Kaunti ya Kiambu ilipofungwa tangu mwisho wa Machi hadi tarehe 1 Mei. Jamaa zetu wa Thika na Ruiru walisali tarawehe majumbani. Mara zikaja habari za India, za kuvu iliyoshambulia pua na macho ya watu waliougua Korona. Kufikia Julai wagonjwa walikuwa wamepita 45,000. Maradhi hayo huitwa mukomaikosisi, na ni kweli kuwa kuvu yake hustawi kwa chuma.

Lakini chuma cha mwilini hakiachwi kizurure. Kikiwa katika damu hubebwa na protini iitwayo transferini. Cha akiba hufungiwa ndani ya feritini. Vijidudu vinapoingia, ini hutoa hepsidini, homoni inayoamrisha milango ya chuma ifungwe ili adui akose riziki. Ndiyo maana wagonjwa mahututi wa Korona walionekana na feritini nyingi mno.

Kuvu hupata mwanya pale ulinzi huo unapovunjika. Kisukari kisichodhibitiwa kinapofikia hatua ya kuitia damu asidi, transferini hukiachilia chuma, na kuvu hukidaka. Zikiongezwa dawa za steroidi, sukari hupanda zaidi na kinga hulegea. Kwa wengi wa wagonjwa wa India mambo hayo yalikutana: Korona, kisukari na steroidi.

Sasa tumtazame binti yetu. Kwa mtu mzima wa afya, takriban theluthi moja tu ya nafasi za transferini ndiyo huwa imejaa. Kwa aliyepungukiwa na chuma, hata hiyo hupungua. Vyombo vitupu ni vingi, na chuma cha kidonge kikiingia hupokewa mara moja. Korona yake imekwisha, na kisukari hana. Kinachomtisha kwa hakika ni upungufu wa damu, ambao humfanya mzazi ashindwe kustahimili kutokwa na damu siku ya kujifungua, na huweza kuleta mtoto njiti au mwenye uzito mdogo.

Basi na avirudie vidonge vyake kama alivyoelekezwa kliniki. Asivimeze pamoja na chai, kwani chai huzuia chuma kufyonzwa. Maji ya ndimu au chungwa husaidia. Choo kikiwa cheusi asishtuke akadhani ndiyo kuvu: ni rangi ya chuma kilichobaki tumboni. Kichefuchefu kikimzidi, amwambie muuguzi, asiache kimyakimya.

Hadhari ya shangazi tungeielekeza kwingine. Kama nyumbani mna mzee mwenye kisukari, sukari yake ipimwe, hasa anapougua homa au kifua. Deksamethasoni isinunuliwe dukani bila ya agizo la daktari. Utafiti uliotangazwa Uingereza mwezi Juni 2020 ulionyesha kuwa iliokoa wagonjwa wa Korona waliohitaji oksijeni, wala haikuwafaa wasioihitaji. Na mwenye kisukari akivimba uso upande mmoja, akatokwa na uchafu mweusi puani, akaona doa jeusi kaakaani au akaanza kuona viwili viwili, apelekwe hospitali siku hiyo hiyo. Asitengwe, kwa kuwa maradhi haya hayaambukizi kutoka kwa mtu hadi mtu.

Mama, mwendee wifi yako kwa upole. Alikataza kwa mapenzi, na sehemu ya aliyoyasikia ni kweli. Mwombe afuatane nanyi kliniki ayasikie mwenyewe kwa muuguzi. Katika Qur'ani mna sura yenye jina la chuma, Al-Hadid, nayo yatufunza kuwa chuma kina ukali na kina manufaa kwa watu. Kwa binti huyu, leo manufaa ndiyo yanayohitajika, na kila siku vidonge vinapokaa kabatini ni siku inayompotea yeye na mwanawe.

Mwenyezi Mungu amjaalie ajifungue salama.

Wabillahi tawfiq.