Jina la Ugonjwa Si Hukumu

Mnamo mwaka 1899 tabibu Mjerumani, Emil Kraepelin, aliyagawa maradhi ya akili ambayo leo huitwa skizofrenia katika mafungu matatu. La kwanza ni la mwenye shuku: huamini kwamba anawindwa na husikia sauti wasizozisikia wengine, lakini huenda akazungumza vema na hata akaishika kazi yake. La pili ni la yule ambaye maneno na vitendo vyake huvurugika; huyu aghalabu huugua angali kijana, hajaoa wala hajapata ajira. La tatu ni la anayekakamaa kama gogo, asiseme wala asile.

Tofauti hizo zaonekana kwa macho, wala hatuzikani. Mwenye shuku aliyekwisha kupata mke na kazi huwa na wa kumtetea; kijana aliyevurugika hana ila mama yake. Lakini matabibu waliowaangalia wagonjwa miaka mingi waliona kuwa aliye wa fungu hili leo, kesho huonekana wa fungu lile, na kwamba fungu halikumwonyesha tabibu dawa ya kumfaa mgonjwa. Ndiyo maana chama cha matabibu wa akili wa Marekani kiliyafuta mafungu hayo mwaka 2013, na orodha ya Shirika la Afya Duniani iliyoanza kutumika mwaka 2022 imefanya vivyo hivyo.

Basi ikiwa mabingwa wameyaacha, mbona sisi mitaani na viwandani twaendelea kugawa: huyu wa kufungwa kamba, huyu wa kuchekwa, huyu karogwa? Hujafa hujaumbika. Yatupasa kuuliza: Je, analala? Anakula? Dawa anapata? Kazi ipi aiweza? Na aliyekakamaa apelekwe hospitali siku hiyo hiyo, kwani asiyekula wala kunywa yu hatarini.

Afrika imekwisha kutoa mfano. Tangu mwaka 1954, huko Aro karibu na Abeokuta, Nijeria, Dakta Thomas Adeoye Lambo aliwaweka wagonjwa katika nyumba za wanavijiji pamoja na jamaa zao, nao wakaenda hospitali mchana kutibiwa.

Twavitaka vyama vya wafanyakazi vidai kwamba mfanyakazi augaye akili atendewe sawa na augaye mapafu: apewe likizo ya ugonjwa, atibiwe mapema, na apatapo nafuu aikute kazi yake ikimngoja.