Kipimo kizuri, mshipa mbovu

Kwa miaka 5, watafiti wa North Carolina, Marekani, waliwalisha tumbili mafuta ya aina tatu: yaliyoshiba, yenye asidi ya oleiki kwa wingi (kama zeituni), na yenye asidi ya linoleiki (kama alizeti). Matokeo yalichapishwa mwaka 1995. LDL, chembechembe zinazosafirisha lehemu damuni, ilipungua kwa makundi mawili ya mwisho. Ajabu ni kwamba mishipa ya moyo ya kundi la oleiki ilikuwa na utando wa lehemu karibu sawa na ya waliolishwa mafuta yaliyoshiba! Binadamu si tumbili, tunajua. Lakini muuzaji anayebandika “hushusha lehemu” kwenye chupa anatupa nusu ya habari, na wakaguzi wa vyakula wamwulize hiyo nyingine.