Kitini kinatudanganya: memcpy si memmove

Wadau, leo nimekereka. Kitini tunachofotokopi kila mwaka hapa kampasi kinasema memcpy inanakili salama hata sehemu mbili za memori zikiingiliana. Jamani, si kweli! Kanuni ya lugha ya C tangu 1989 iko wazi: zikiingiliana, matokeo ya memcpy hayana dhamana. Tumia memmove.

Chukua jina la kwetu, MPALE. Sogeza herufi nne za mwanzo nafasi moja kulia. Jibu sahihi ni MMPAL. Ukinakili moja moja kuanzia kushoto, M inaifuta P kabla P haijahama, na mwisho unabaki na MMMMM. memmove imeundwa isiingie mtego huo.

Najua mtasema, "mbona kwangu inafanya kazi?" Bahati tu! Mwaka 2010 glibc ilibadilisha namna memcpy inavyonakili, sauti ya Flash kwenye Fedora 14 ikaharibika. Linus Torvalds aliwatetea watumiaji, sawa, lakini kosa lilikuwa kwenye Flash.

Basi tusiwarithishe mwaka wa kwanza uongo huu. Kabla ya kufotokopi tena, kata sentensi ile, andika: memmove. Au mnasemaje?