Bandari Ikihama, na Sisi Tupate Pa Kukaa



Hivi karibuni tulimuoza mtoto wa dada yangu. Nikaha ilisomwa baada ya sala ya alasiri, na biharusi alikuwa na ombi moja tu: apigwe picha Forodhani jua likizama, yeye na mama yake na bibi yake. Tukenda wanawake kumi na moja, na watoto wetu. Picha zilitoka nzuri, mashaallah, lakini nusu ya muda ule tulikuwa tumefanya duara na kanga zetu, tukimkinga mtoto wa watu na simu za wapita njia wasiomjua. Kisha ikaadhiniwa magharibi. Wanaume waliotusindikiza wakanyanyuka kwenda msikitini. Sisi tukabaki na mikoba, na watoto, na udhu wetu, tunatazamana. Bibi akauliza, "Na sisi tunasali wapi?" Hapakuwa na mwenye jibu. Tukakimbilia gari turudi nyumbani kabla wakati haujatoka.

Swali la bibi halijaniondoka, na ndilo linalonifanya niandike leo kuhusu jambo ambalo kwa kawaida tunawaachia wahandisi na waheshimiwa: bandari.

Wengi wetu tunasema "twende Forodhani" bila ya kulifikiria lile neno. Forodha ni mahali pa kutozea ushuru wa mizigo. Pale tunapokula urojo na kunywa maji ya miwa ndipo palipokuwa pakiteremshwa bidhaa na kulipiwa kodi, mpaka bandari mpya ilipojengwa Malindi katika miaka ya 1920 na shughuli zikahamia huko. Mwaka 1936 ile sehemu iliyobaki ikafunguliwa kuwa bustani. Baadaye ikachakaa sana, kisha ikatengenezwa upya na mfuko wa Aga Khan na kufunguliwa tena mwaka 2009, ikiwa na ukuta mpya wa bahari, taa na njia za kupita.

Mimi naihesabu kazi ile kuwa ni kheri kubwa kwa wanawake wa mji huu. Tuseme kweli: vichochoroni, baraza ni za wanaume. Wao wana kahawa yao, bao lao na redio yao. Sisi tunapita tu. Forodhani ni mahali ambapo mama anaweza kukaa na watoto wake usiku, akala mhogo wa mia chache au asile kitu, na hakuna wa kumuuliza anasubiri nini. Usiku wa Ramadhani baada ya tarawehe, angalia waliokaa kwenye ukuta: kina mama, mabibi, mawifi, na watoto wamelala mapajani. Uwanja wa mizigo umekuwa baraza yetu.

Na si Forodhani peke yake. Ng'ambo ya barabara ipo Ngome Kongwe. Mwanzoni mwa karne ya 20, ulipokuwa ukijengwa ule mtandao wa reli ya kwenda Bububu, ngome ilikuwa ghala la kazi za reli. Reli ikafa. Mwaka 1949 ngome ikatengenezwa, na ua wake ukawa klabu ya wanawake ya kuchezea tenisi. Niliposoma habari hiyo mara ya kwanza nilicheka peke yangu, kisha nikanyamaza. Bibi zetu, katika zama tunazoziita za giza, walikuwa na ua wao wenye kuta nene, katikati ya mji, hatua chache kutoka baharini, wanakimbia na kucheza bila ya jicho la mtu. Leo ua ule una jukwaa la maonyesho na maduka ya vinyago. Ni vizuri umekuwa hai. Lakini ua wa wanawake uliondoka, na hakuna aliyetupa mwingine badala yake.

Kwa nini nayasema haya sasa? Kwa sababu pwani yetu inakaribia kubadilika tena. Serikali imekwisha kutangaza mpango wa bandari kubwa jumuishi ya Mangapwani, na makusudio ni kuipunguzia Malindi mzigo, ibaki zaidi kwa abiria na wageni. Siku makontena yatakapoondoka Malindi, patabaki ardhi iliyo wazi, yenye maghala na gati, mbele ya Mji Mkongwe ambao tangu mwaka 2000 umo katika orodha ya UNESCO ya urithi wa dunia. Ardhi kama hiyo haikai muda mrefu bila ya mtu kuipigia hesabu. Wa hoteli ataiona hoteli, na wa maduka ataona maduka. Nauliza tu: nani atakayeiona na haja ya bibi?

Siwalaumu wawekezaji. Jengo la zamani la kampuni ya simu pale Shangani liligeuzwa hoteli ya Serena mwaka 1997, na mimi nakumbuka wazee wakisema afadhali, maana nyumba isiyo na mtu humalizwa na mvua. Vijana wetu wamepata kazi humo. Lakini hoteli, hata ikiwa nzuri vipi, ina mlango, na mlangoni pana bei. Mwenye harusi ya kawaida anapiga hesabu ya ukumbi, anapiga hesabu ya mpambaji, anakuta bei ya jioni moja ufukweni ingelipia vitanda na makabati ya maisha mapya. Ndipo tunapoishia kwenye picha za dakika kumi na duara la kanga.

Dini yetu ina la kutufundisha hapa, na si la pembeni. Mtume, rehma na amani zimshukie, alipofika Madina na ngamia wake akapiga magoti, kile kiwanja kilikuwa mahali pa kazi: uwanja wa kuanikia tende, wenye mitende na magofu, mali ya mayatima wawili, Sahl na Suhayl. Wakataka kukitoa bure. Yeye hakukubali mpaka kilipwe thamani yake. Kisha ukajengwa msikiti, na kila aliyetaka akaingia, tajiri na mwenye kulala katika kivuli chake kwa kukosa nyumba. Wanawake waliswali ndani yake, na yeye mwenyewe akawakataza wanaume kuwazuia wasende misikitini.

Tazameni mpangilio wake. Kwanza ilitazamwa haki ya mnyonge mwenye mali. Kisha pakajengwa kwa ajili ya wote. Uzuri haukutangulizwa. Nguzo zilikuwa za mitende na paa la makuti. Nami nadhani hicho ndicho kipimo cha kila eneo la zamani linalofufuliwa. Tusiulize tu litapendeza vipi kwenye picha ya droni. Tuulize kama mama asiye na kitu mkobani anaweza kufika, akakaa, akasali, akampeleka mtoto chooni, na akarudi kwake salama.

Kwa hivyo haya ndiyo ningependa tuyaombe, na tuyaombe mapema kabla michoro haijakauka.

La kwanza, ukanda wa mbele wa bahari ubaki wa watu wote, bila ya kiingilio na bila ya kulazimishwa kununua kitu. Ukishatolewa kwa meza za mgahawa, hautarudi.

La pili, msala wa wanawake na mahali pa kutawadha penye stara, pamoja na vyoo safi. Jengo zima halihitajiki. Chumba kimoja katika ghala la zamani, chenye maji, kibla na mlango wake mbali, kingetosha kumjibu bibi.

La tatu, ua. Wajenzi wetu wa zamani walijua kazi hii vizuri. Nyumba za Mji Mkongwe zimejengwa kuzunguka ua wa ndani, na majumba ya masultani yaliunganishwa kwa madaraja yaliyofunikwa juu ya njia ili wanawake wapite bila ya kuonekana. Basi haitakuwa fikra ya kigeni kuligeuza ghala moja la bandari liwe ukumbi wa umma wenye ua wa wanawake, wa kukodi kwa bei ya Shirika la Serikali na si ya mtalii. Mchana pafundishwe ushoni, hina na piko, hata kuogelea. Jioni watu wafanye singo na harusi zao kwa heshima.

La nne, riziki. Ukipita Forodhani usiku, wengi wanaosimama nyuma ya meza za vyakula ni wanaume, ilhali mapishi mengi yametoka majikoni mwetu. Sehemu mpya itakapogawiwa, zitengwe meza za wanawake, na zipangwe karibu na taa na njia kuu, zisisukumwe kule kwenye kiza nyuma ya vyoo.

Najua wapo watakaosema mwanamke nyumbani kwake ndiko kwenye stara, anatafuta nini pwani. Jawabu langu ni fupi: tumo pwani tayari. Tunashuka boti Malindi na watoto mgongoni, tunanunua samaki dikoni, tunauza, tunasubiri jamaa watokao Pemba na Dar es Salaam. Kutokututengenezea pa kukaa hakutuondoi. Kunatuacha tumesimama juani tu. Na anayejali stara kweli ndiye wa mwanzo kupaswa kudai ua, msala na taa.

Wapo pia watakaosema serikali inahitaji fedha, na bustani hailipi. Lakini Forodhani haina kiingilio, na ni nani asiyeona wanaokula kwa sababu yake: wapishi, wauza juisi, wavuvi, madereva wa teksi? Mahali pakiwa pa watu, watu huja na fedha zao.

Dada zangu, sisi tuna ada ya kulalamika baada ya ukuta kusimama. Safari hii tutangulie. Mkutano wa shehia ukiitwa, tusimtume mtu, twende. Mamlaka ya Mji Mkongwe ikitaka maoni, tuyapeleke, hata kwa karatasi moja iliyoandikwa kwa mkono na kutiwa saini na wanawake ishirini wa mtaa mmoja. Na wewe biharusi mtarajiwa unayesoma hapa huku ukichagua rangi ya shela, usione hili halikuhusu. Mji unaopangwa leo ndio utakaokwenda kukaa ukutani usiku wa Idi, na mwanao amekulalia mapajani, inshaallah.

Mwenyezi Mungu awabariki maharusi wetu, aujaalie mji wetu uwe na nafasi kwa kila mja wake, na amruzuku bibi yetu umri wa kuja kusali magharibi pwani. Amin.